Panya wa Kuonyeshwa Bwana Afya

Winnie Oldroyd alikuwa akiwalisha panya. Mtu akisikia hivyo atadhani mwanamke kapagawa, lakini wapi, akili zake zilikuwa timamu kuliko za wengi wetu hapa Mtaa wa Garnet. Kila asubuhi, mumewe akishakwenda mgodini, alichukua ganda la mkate, akalipaka mafuta ya nyama, akalisukuma ndani ya tundu lililokuwa kando ya jiko la chuma. Kisha akajifuta mikono na kuwaambia, "Kuleni. Nenepeni. Alhamisi mna mgeni."

Mgeni mwenyewe alikuwa bwana afya wa halmashauri. Winnie alikuwa amekwenda ofisini kwao mara nyingi hata karani akimwona anaingia anajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Alichokitaka ni nyumba. Kule juu Moorside halmashauri ilikuwa inajenga nyumba mpya, zenye choo cha ndani, bafu la ndani, na madirisha mbele na nyuma. Zetu sisi zimejengwa mgongo kwa mgongo. Dirisha la nyuma hakuna, kwa sababu nyuma yako ni jikoni kwa mtu mwingine, na ukuta mnaoshirikiana unatoka jasho kiangazi na masika. Binti yao Jean alikuwa na miaka mitatu na akilala ungedhani kuna birika linaanza kuchemka chumbani. Daktari alisema wazi kwamba kifua kile hakitapona ndani ya unyevu ule.

Lakini unyevu mtaa mzima tunao, na halmashauri haimhamishi mtu kwa unyevu. Panya ndio wanaohamisha. Nyumba yenye panya na mtoto mdogo, au mzee aliye peke yake, inapanda juu ya orodha siku hiyohiyo. Ndiyo maana mwanamke aliyelia miaka mitatu kwa sababu ya panya sasa alikuwa akiwapaka mkate mafuta.

Sasa katika wanaume wote wa mji huu, mumewe Winnie ndiye aliyekuwa na vicheche. Kicheche wa kufugwa ni mnyama mwembamba, mrefu, mweupe wa kuelekea manjano, ananuka kushinda soksi za mgodini, na huku kwetu mwanaume mwenye kicheche mzuri anatembea kifua mbele. Clifford alikuwa na wawili. Dume, Jasper, alikuwa wa sungura. Jike, Nell, alikuwa mdogo kiasi cha kuenea kwenye tundu la panya, na huyo ndiye aliyempa Clifford jina. Wakulima walimwita. Kiwanda cha sufu kilimwita. Hata Wamethodisti walimwita panya walipozaliana ndani ya kinanda cha kanisa. Malipo yake yalikuwa sifa na glasi ya bia. Kwake mwenyewe panya walicheza watakavyo, na watu wakimtania anajibu, "Kinyozi hajinyoi."

"Usiwaguse panya wangu," Winnie alimwambia Jumatatu hiyo.

"Panya wako?"

"Mpaka Alhamisi ni wangu. Bwana afya akishaondoka, wafanye upendavyo."

Clifford aliweka kikombe chini. "Winnie, watu wananiita mimi niwatolee panya. Halafu mtu wa serikali aje aandike kwamba kwa Oldroyd kuna panya? Si bora nife."

"Kufa hutakufa. Utaoga kwenye bafu la bomba badala ya beseni la bati huku nakumwagia maji mgongoni."

"Na kule hawaruhusu vicheche. Wala njiwa, wala kuku. Nimeuliza."

Winnie alijua hilo. Alikuwa akiomba mumewe asilijue. "Hawaruhusu na unyevu vilevile," alisema, akaendelea kuosha vyombo.

*

Jumanne jioni klabuni, habari zilikuwa zimeshafika. Huku kwetu habari hazihitaji miguu. Barney Sugden, ambaye anafuga mbwa wa panya na hajapata kumwonea mtu huruma, alingoja Clifford akae vizuri.

"Nasikia bwana afya anakuja kumwangalia Nell," alisema. "Kumbe kastaafu?"

Watu wakacheka. Clifford akanywa bia yake polepole.

"Mimi siku zote nasema," Barney akaendelea, "kicheche ni kazi bure. Haui, anafukuza tu. Panya aliyekuwa wako anakuwa wa jirani, kesho anarudi kukusalimia. Mbwa anaua, unahesabu maiti, unakwenda kulala."

"Mbwa wako ataingia ukutani?" Clifford aliuliza. "Labda umkande kwanza kama unga."

"Wekeni sumu," alisema mzee Enoch kutoka pembeni. "Mnapigana bure."

"Sumu!" Clifford aligeuka. "Panya anaila, anakwenda kufia chini ya sakafu, unakaa na uvundo wake mpaka unasahau harufu ya chakula. Paka akimla huyo panya, naye kwaheri. Na una mtoto anayetambaa ndani, utamfunga mikono? Kicheche hana sumu. Anapita asipopita mbwa wala paka. Panya akishasikia harufu yake tu, anahama na watoto."

"Na kuku wa mama yangu?" Barney aliuliza. "Nell wako alipita kwenye banda mara moja tu. Mama alikuta manyoya."

"Mlango uliachwa wazi. Ile ilikuwa bahati mbaya."

"Na hiki nacho bahati mbaya?" Enoch aliinua kidole chenye kovu.

"Ulimshika vibaya, mzee. Nilikwambia."

"Sawa," alisema Barney, "hana kosa, ni malaika. Basi nieleze, ndugu yangu. Kama malaika yuko uani kwako kizimbani, bwana afya anakuja kutafuta nini jikoni kwako?"

Clifford alimaliza bia, akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga mtu. Nyuma yake aliwasikia wakicheka, na kicheko hicho kilimuuma kweli.

*

Jumatano mchana Winnie alimpeleka Jean kliniki, na kutoka huko akapitia kwa mama yake. Clifford alitoka zamu ya asubuhi akaikuta nyumba tupu. Hakuvua hata viatu. Alikwenda kwenye ua wa mbele, akamtoa Nell kizimbani, akamtia ndani ya shati, akarudi jikoni na kumwachia kwenye tundu la kando ya jiko.

Sasa kuna jambo ambalo huku kila mtu analijua tangu utotoni, na Clifford ndiye aliyekuwa akilirudia kila siku hadi tunachoka. Kicheche hapelekwi kazini akiwa ameshiba, kwa sababu atalala. Wala hapelekwi na njaa, kwa sababu atakamata, atakula humohumo, kisha atalala juu ya alichokula na wewe utamngoja mpaka akupende. Unampa mkate na maziwa kidogo, ndipo unamwachia. Siku hiyo Clifford hakumpa kitu. Alikuwa na Barney Sugden kichwani.

Ukuta ulilipuka kwa vurugu. Alisikia kucha, alisikia vilio, alisikia kundi zima likikimbia kuelekea nyuma, upande wa jirani, Bi Stockdale, kisha kimya. Clifford akatabasamu peke yake. Alingoja Nell atoke, na Nell hakutoka.

Winnie aliporudi, mtoto begani, alimkuta mumewe amelala kifudifudi juu ya sakafu ya mawe na kisahani cha maziwa mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nimeangusha kifungo."

"Kifungo kinakunywa maziwa?"

Winnie alimweka mtoto kitini, akakaa mezani na koti lake mwilini.

"Umewaua?"

"Mmoja wawili. Wengine wamekimbia."

"Wamekimbilia wapi?"

Clifford akaonyesha ukuta kwa kidevu.

"Miaka mitatu," Winnie alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kupiga kelele kabla hajaanza. "Miaka mitatu nakuomba, Clifford. Wameingia kwenye unga, ukasema kesho. Wametafuna kiatu cha mtoto, ukasema kesho. Kila Jumapili uko kwa wakulima unatoa panya wa watu. Leo, mtu anakuja kesho asubuhi, leo ndiyo umepata nafasi?"

"Watu wananicheka, Winnie."

"Wakucheke. Mtoto anakosa pumzi, wewe unahesabu vicheko."

Usiku ule Winnie hakufagia, na kinyesi cha panya akakiacha palepale kilipokuwa, akakiruka kwa uangalifu kama mtu anayepita kwenye kitalu cha mboga.

*

Bwana afya aliitwa Pickersgill, mtu mrefu mwenye pua nyekundu ya baridi na tochi. Clifford alikuwa amebadilishana zamu ili awepo, na alisimama karibu na mlango. Pickersgill alipiga magoti, akamulika tundu, akakigusa kinyesi kwa ncha ya penseli.

"Kikavu hiki."

"Ni cha jana," alisema Winnie.

"Jana si leo, bibie. Kuna walioziba matundu wenyewe, kuna walioweka mitego. Mimi naandika ninachokikuta."

Hapo ndipo ukuta ulipokwaruza. Kidogo kwanza, kisha wazi kabisa, nyuma ya jiko. Uso wa Winnie ulifunguka. Pickersgill akainamisha sikio, akasikiliza, akatoa kalamu mfukoni. Winnie alimtazama mumewe. Hakumtaka aseme lolote. Kukaa kimya tu, kazi ambayo nyumbani alikuwa hodari nayo siku zote.

Tunduni kikatokea kipua cheupe chenye utando wa buibui. Nell akajivuta nje, akajinyoosha mwili wote, akapiga mwayo.

"Huyu si panya," alisema Pickersgill.

"Hapana," alisema Clifford.

"Ni wako? Si huyu aliyefanya kazi kule kiwanda cha sufu?"

"Huyohuyo," Clifford alisema, na mabega yake yakapanda yenyewe. Alimwokota Nell na kumpangusa vumbi.

Pickersgill hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona ukuta ule, alikuwa amemsikia mtoto akihema kwenye kiti. Alishika kalamu tayari. "Basi nikuulize wewe, maana ndiye unayejua. Nyumba hii bado ina panya?"

Jean alikohoa. Winnie alishika ukingo wa meza.

"Nell akishapita mahali," alisema Clifford, "panya habaki."

"Bwana Oldroyd. Nakuuliza tena, taratibu. Bado kuna panya?"

"Hakuna."

Pickersgill alimtazama Winnie, akafunika kalamu. Alikuwa bado hajavaa kofia uliposikika ukelele nyuma ya ukuta, wa mwanamke mtu mzima, na sufuria ikianguka.

*

Bi Stockdale ni mjane ambaye kizingiti chake kilisuguliwa kwa jiwe kila asubuhi hata siku ya maziko ya mumewe. Yeye ndiye aliyemwambia Winnie mbele ya watu, "Panya hawaji bila kualikwa, mwanangu." Pickersgill alipozunguka kona ya mtaa na kubisha, alimkuta amesimama juu ya kiti na sketi yake mkononi. Panya walikuwa kabatini, walikuwa chini ya sinki, mmoja alikuwa ndani ya pipa la unga ameketi.

"Si wangu hawa," Bi Stockdale alilia. "Wa kwa Oldroyd hawa. Wananuka kicheche."

"Panya hana anwani, mama," alisema Pickersgill, akaandika.

Mwezi haukuisha, ufunguo wa Moorside ukaja. Si kwa Winnie. Bi Stockdale alihama kwa amri ya halmashauri, akilia, ameinamisha uso, kana kwamba anapelekwa kizuizini. Alikuwa hataki bafu. Alikuwa anataka mtaa wake, na jina lake, na kizingiti chake. Winnie alimsaidia kubeba vyombo mpaka kwenye lori. Bi Stockdale akapokea kila kitu kutoka mikononi mwake bila kumtazama.

Tangu siku hiyo, Winnie aliongea na mumewe kupitia mtoto. "Mwambie baba yako chai iko mezani." "Mwambie baba yako soksi zake ziko kwenye kamba." Clifford naye alijibu kupitia mtoto, na Jean maskini, ambaye hakuwa na pumzi za kutosha kwa maneno yake mwenyewe, akawa anabeba ya watu wawili.

Na nyumba ya Bi Stockdale ikabaki tupu. Nyumba tupu haina moto, haina makombo, haina chochote cha kumweka panya. Baridi ilipokaza, wakarudi wote walikotoka, tena wamezaliana. Siku moja mchana Winnie alipanda ghorofani kumwamsha mtoto akamkuta panya amekaa juu ya blanketi, anakula biskuti kando ya mkono wa Jean. Hakupiga kelele. Alimbeba mtoto, akashuka, akakaa naye mapajani mpaka Clifford aliporudi, kisha akamwambia yeye mwenyewe, si kupitia mtu, "Alikuwa kitandani."

Safari hii Clifford alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alimpa Nell mkate na maziwa, akangoja, akamwachia. Lakini panya jike mwenye vichanga hakimbii. Anasimama mlangoni pake na kupigana, na tundu ni jembamba, kicheche hana pa kugeukia. Nell alirudi kinyumenyume. Shavu lilikuwa limechanika na jicho moja limefumba.

Clifford alimweka mapajani akamwosha kwa maji ya chumvi. Winnie, ambaye hakuwahi kumgusa mnyama yule, alishika bakuli.

"Wamejaa humo," Clifford alisema. "Nikitoa kumi, wanazaliwa ishirini. Siwawezi, Winnie."

"Usiniambie mimi. Mimi nimejua tangu lini." Alikamua kitambaa. "Mficha uchi hazai. Kuna mtu alikuja hapa akakuuliza mara mbili. Kamwambie huyo."

*

Jumamosi asubuhi Clifford alivaa suti ya mazikoni. Pickersgill hakuwepo, kulikuwa na dirisha na karani na foleni mpaka mlangoni, na katika foleni alikuwemo mzee Enoch na mke wa Barney Sugden. Winnie alisimama kando na mtoto. Zamu yao ilipofika, Clifford alisema jambo kwa sauti ya chini kabisa.

"Sema kwa nguvu, bwana," alisema karani. "Kioo hiki hakipitishi."

"Nimesema nyumbani kwangu kuna panya."

Mke wa Barney akachungulia kutoka kwenye foleni.

"Jina?"

"Oldroyd. Clifford Oldroyd, Mtaa wa Garnet."

"Si yule wa vicheche?" mtu aliuliza nyuma.

"Ndiye mimi," Clifford alisema bila kugeuka. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka kwenye masikio. "Panya wako jikoni, wako ghorofani, na wamepanda kitandani kwa mtoto wangu. Mtu wenu aliniuliza nikamdanganya. Andika hivyo."

Karani aliandika kidogo kuliko alivyoambiwa. "Unafuga mnyama yeyote? Kule hawaruhusiwi."

"Sifugi. Nimewagawa jana."

Winnie aligeuza kichwa. Hakuwa amejua. Jana jioni alimwona mumewe akitoka na boksi, akadhani anampeleka Nell kwa mtu wa dawa za mifugo.

Karani alikwenda nyuma, akakaa huko, akarudi. "Nyumba za Moorside zimekwisha. Awamu ya pili wataanza kuijenga mwakani, Mungu akipenda. Mtakuwa juu ya orodha, au karibu na juu. Pengine mwaka wa kesho kutwa."

"Mwaka wa kesho kutwa," alisema Winnie. "Na huyu mtoto?"

"Nimeandika mtoto, bibie. Kwa sasa jitahidini na panya wenu."

"Nijitahidi na nini?" Clifford aliuliza.

Karani alifikiri, na alikuwa anataka kusaidia, hilo lilionekana usoni. "Kuna watu huko kwenu wanafuga vicheche," alisema. "Jaribu kuulizia. Anayefuata."

Walitoka nje. Winnie alifunga vifungo vya koti la Jean mpaka kidevuni, akajifunga kitambaa chake mwenyewe. Clifford alikuwa akingoja atukanwe. Angefurahi kutukanwa.

"Uliwapeleka kwa nani?" Winnie aliuliza.

"Kwa Barney. Hakucheka. Alichukua boksi akaniambia pole, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi."

Walifika pale njia inapogawanyika chini ya kiwanda. Winnie akakata kulia.

"Nyumbani ni huku," Clifford alisema.

"Nyumbani najua kulipo. Twende tukamchukue Nell kabla yule mbwa hajamgundua. Miaka miwili, Clifford. Tutakaa na nini miaka miwili?"

Alisema kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua tena ampe nani, mumewe au karani au mjane wa watu kule Moorside, mwenye bafu asiloliomba. Clifford alimchukua mtoto kutoka mikononi mwake. Walipanda kilima cha kwa Sugden, naye alikuwa akisikiliza kile kifua kikilia begani kwake, karibu kabisa na sikio, hatua hadi hatua.